Mpini Uelekee kwa Mama

Katika nyumba ile mgeni hakutukanwa kwa mdomo. Mdomo una mashahidi. Mgeni alipokewa vizuri, akashikwa mkono kwa mikono miwili, akaulizwa habari za watoto na za mgongo, akakalishwa kwenye kochi lenye mto mnene kuliko yote, halafu akatukanwa kwa jibini.

Usione ajabu. Mama mwenye nyumba alikuwa amestaafu kazi ya hoteli, hoteli yenyewe ya zulia mpaka kwenye ngazi, na kazi yake ilikuwa kusimamia karamu. Huko ndiko alikojifunza kupanga ubao: jibini za aina aina, nyama zilizokaushwa na kukatwa nyembamba, zeituni, zabibu, lozi, biskuti za chumvi, kibakuli cha asali katikati, vyote vimelala kwenye ubao wa mviringo kama bustani iliyomwagiliwa asubuhi. Na huko huko alijifunza jambo la pili, ambalo kitabu cha mapishi hakilitaji. Mhudumu wa hoteli haruhusiwi kumjibu mgeni. Mgeni akikuita kwa kupiga vidole kama anaita paka, wewe jibu lako ni tabasamu. Basi wahudumu walijibu kwa ubao. Mwenye kiburi alielekezewa jibini ngumu na kisu butu. Mwenye kudharau watu alielekezewa ile yenye ukungu wa bluu, inayonuka kama soksi za mlinzi. Kisha walisimama nyuma ya mlango wa jikoni wakichungulia na kucheka huku wameshikana mabega.

Hotelini ile ilikuwa silaha ya wanyonge. Mama alipostaafu aliibeba nyumbani pamoja na seti ya visu, na nyumbani kwake hakuwa mnyonge hata kidogo.

Jirani mpenda umbeya aliwekewa ulimi wa ng'ombe uliokaushwa, umepangwa kama vigae vya paa. "Jamani, huu ulimi ni mtamu!" alisema. "Tunaujua," alijibu Mama. Mjomba, ambaye hajui saa ya kuaga, alipewa kisu butu ili angalau kazi imchoshe. Wifi mchoyo alikatiwa nyama nyembamba kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti lililo nyuma yake. Hata Baba wa nyumba alikuwa na fungu lake: ncha. Ncha ya soseji, ncha ya mkate, ncha ya kila kitu. Alizila miaka yote bila kusema lolote, kwa hiyo hakuna aliyejua kama haelewi au anaelewa kuliko wote.

Ili upande wa mtu usipotee, ubao ulikuwa na mpini mfupi, na mpini ulielekea kwa Mama sikuzote. Ukishajua mpini ulipo, unajua nani amelaaniwa. Na ilikuwepo sheria moja iliyotoka hotelini bila kukwaruzwa: ubao ukishatua mezani, mwenye nyumba haugusi. Mgeni anaweza kuuvuta, kuusogeza, kuuzungusha akitaka. Mwenye nyumba anatabasamu.

Mtoto wa mwisho wa nyumba ile aliitwa Kitinda, kwa kuwa ni kitinda mimba na hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina la utani refu zaidi. Siku za kazi alipokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Siku za wageni alikuwa ulimi wa familia. Mama alipanga, Kitinda akabatiza. Yeye ndiye aliyemwita jirani "Redio Mbao", yeye ndiye aliyemwita mjomba "Msumari". Na yeye ndiye aliyemwita mume wa dada yake "Bwana Nta".

Hilo la Bwana Nta ndilo lenye hadithi. Kuna jibini fulani ya manjano, laini, ambayo hufunikwa kwa nta nyekundu ili isikauke. Nta huondolewa kabla ya kula, ila ukiikata vipande bila kuimenya, kila kipande hubaki na ukingo mwekundu unaong'aa, mzuri kweli, na asiyejua atadhani ni ganda la tunda. Siku Dada alipomleta mchumba wake, mwalimu wa hesabu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, Mama alimwekea vile vipande vyekundu. Mwalimu akatafuna. Akameza. Akachukua kingine kwa heshima. Ndipo Kitinda akasema, kwa sauti ya kusikiwa na watu wote isipokuwa anayehusika, "Jamani mpeni utambi, tumuwashe."

Dada alikasirika. Aliolewa hivyo hivyo. Lakini jina lilikuwa limeshatoka, nalo jina ni kama harufu ya samaki mkononi, unanawa na bado lipo. Kila sikukuu ya familia lilisubiri mlangoni. Mwanzoni Dada alinuna likitajwa, baadaye akatabasamu, baadaye akacheka, na mwanamke akishaanza kumcheka mume wake mbele za watu, kinachobaki nyumbani ni samani. Karatasi za talaka zilitaja mambo mengi, nta haikuwemo. Siku hizi Dada analala kwenye chumba chake cha zamani, kwenye kitanda cha zamani, na miguu yake inatokeza.

Tangu hapo ilieleweka bila kuandikwa: mchumba akiwekewa nta, Mama amekataa. Na Mama akikataa, ndoa hata ikifungwa haitaishi.

Sasa tuje kwenye Jumamosi yenyewe, zamu ya Kitinda kumleta mchumba.

"Chukua ile ya nta," alisema Mama.

Alikuwa ameketi kwenye stuli jikoni, vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, kwa hiyo siku hizi yeye aliamuru na Kitinda alipanga. Kitinda alikuwa ameshaweka nyama ya bata iliyokunjwa kama waridi, soseji ngumu iliyokatwa kwa mshazari, zeituni zilizochujwa maji. Jibini zilikuwa zimetolewa kwenye friji mapema ili zilegee, maana jibini ya baridi haina ladha. Mkono wake ulisimama hewani.

"Ya nta, Mama? Si tuna ile nyingine ya mbuzi?"

"Nimesema ya mbuzi?"

"Hapana, Mama."

"Basi. Usiimenye. Kata nene nene, ukingo uonekane. Weka upande wa mbele, anapokaa fundi wako."

Dada, aliyekuwa akifuta glasi kwa taulo, aliinua glasi moja kwenye mwanga wa dirisha akaitazama kana kwamba hajawahi kuona glasi. "Nta," alisema taratibu. "Tena."

"Kuna mtu kakuuliza?" Mama alimtupia jicho.

"Nahesabu glasi tu, Mama."

Fundi wako. Mama aliyatamka maneno hayo kama mtu anayetoa unywele kwenye supu. Kijana alikuwa fundi wa friji. Alifahamika nyumbani hapo siku friji ya Mama ilipokata roho katikati ya joto, jibini zote zikitokwa jasho kama washtakiwa, na yeye akaja, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye mlango kama daktari, akasema, "Inapumua, lakini kwa shida." Kitinda alimtupia utani: "Iambie tunaipenda, huenda ikapata nguvu." Fundi hakucheka. Alimtazama, akaendelea na kazi, akaiponya friji, akaondoka. Kesho yake asubuhi simu ya Kitinda ikalia.

"Dada wa friji? Ule utani wako wa jana. Nimeuelewa."

Na akacheka, peke yake, kwa muda mrefu, huko aliko. Hapo ndipo Kitinda alipokwisha. Maisha yake yote alikuwa amezungukwa na watu wanaocheka haraka. Hakuwahi kukutana na mtu anayekwenda na utani nyumbani, akalala nao, akaamka nao. Ilikuwa hivyo kila mara. Utani wa leo ulilipwa kesho, kwa simu, na Kitinda alianza kuzingojea zile asubuhi.

Ndiyo maana kisu kilikuwa kizito. Alikata jibini nene nene, ukingo mwekundu ukionekana, Mama akiangalia kila kipande. Zile jibini nyingine alizimenya vizuri, akaondoa maganda yote.

"Nakuja, Mama. Naenda msalani."

Msalani alifunga mlango, akaketi juu ya kifuniko, akaandika kwenye simu: Ukiona jibini yenye nyekundu pembeni, usile hiyo nyekundu. Akaisoma. Akamwona Fundi akiisoma, amesimama kando ya pikipiki yake, akijiuliza: kama hailiwi, kwa nini imewekwa? Na Fundi angeuliza, maana ni mtu wa kutafuta hitilafu mpaka aipate. Basi ingebidi amwambie habari za ubao. Akishamwambia habari za ubao, amwambie habari za Bwana Nta. Na utambi je? Nani alisema utambi?

Akaufuta ujumbe. Akavuta maji kwa ajili ya mashahidi.

Lakini Kitinda hakuitwa mwerevu bure. Akiwa njiani kurudi jikoni, wazo lilimjia kamili, limevaa na viatu. Atageuza ubao. Akiuingiza sebuleni atauweka mpini ukimwelekea Fundi, kama mtu aliyekosea kwa haraka. Bata na jibini ya mbuzi vitamwangukia Fundi. Nta itatua mbele ya Mama. Na Mama, kwa sheria yake mwenyewe, hawezi kuugusa. Ataila hiyo nta kwa macho mpaka wageni waondoke. Baadaye atawaka, sawa, awake; lakini Fundi atakuwa ametoka salama, na ubao usiposema, laana haijatamkwa. Kitinda alijikuta anatabasamu. Ndivyo wajanja wanavyoponzwa: wanaanza kutabasamu mapema.

Kengele ikalia.

Fundi alikuwa amevaa koti la kuazima, mabega yake na ya koti hayakuwa yamekubaliana. Mkononi alishika kitu kirefu, kimeviringishwa kwenye gazeti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Na hilo ni nini tena, nyoka?"

"Hapana, Mama." Alifungua gazeti kwa uangalifu, na ndani yake kulikuwa na raba nyeupe, mpya, imejikunja. "Ni raba ya mlango wa friji. Ile ya kwenu niliona imepasuka kwa chini. Baridi inatoka, ndiyo maana jibini zinakauka pembeni. Nikasema nisije mikono mitupu."

Kwenye kochi, rafiki wa Mama, aliyeitwa Mama Miwani na ambaye zamani alichungulia pamoja naye nyuma ya mlango wa hoteli, aliishusha miwani yake mpaka ncha ya pua.

"Wengine huleta maua," alisema.

"Maua yananyauka, Mama," alijibu Fundi kwa unyoofu. "Hii inakaa."

Baba, kwenye kiti chake cha pembeni, alikohoa kitu kilichofanana na kicheko.

Kitinda akauleta ubao. Aliubeba kwa mikono miwili, akapita katikati ya watu, akauweka mezani, na mpini, loo, pole jamani, ukamwelekea Fundi. Macho ya Mama yakashuka kwenye ubao. Yakaona nyekundu mbele yake. Yakapanda kwa Kitinda, taratibu, kama lifti. Uso haukubadilika hata kidogo. Ule ulikuwa uso wa hoteli.

"Karibuni," alisema Mama. "Karibuni sana. Kitinda ndiye aliyekata na kupanga, hongera yake."

Dada, aliyesimama mlangoni na trei ya glasi, aliona yote. Aliuma mdomo wa chini tu, na Kitinda alidhani anamwonea huruma.

Sasa msikilize Fundi, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Mtu mwingine yeyote, Msumari, Redio Mbao, hata wewe, angemshukuru Mungu na kumvamia bata. Fundi aliutazama ubao. Aliona nyama nzuri zote ziko upande wake, zimekunjwa kama waridi. Aliona mbele ya mama mkwe mtarajiwa kuna vipande vinene vya jibini tu, vimelaliana bila pambo. Masikio yake yakaiva. Alilelewa na bibi yake, na bibi yake alimfundisha kwamba mtoto hali kabla ya mkubwa, na kinono hakikai mbele ya kijana wakati wazee wapo.

"Hapana, Mama," alisema, akainuka nusu. "Mimi na hivi vyote? Wakubwa kwanza."

Kitinda alifungua mdomo. "Ah, wewe, kaa tu, uache ubao wa wat..."

Lakini Fundi alikuwa ameshaushika ubao kwa mikono yote miwili, mikono iliyozoea vitu vizito, akauzungusha kwa upole bila kuangusha hata zeituni moja, mpaka mpini ukamwelekea Mama barabara, kama vile saa iliyorekebishwa. Nyama ya bata ikaenda kwa Mama. Nta ikarudi kwa Fundi.

"Hapo sawa," alisema, akaketi, ameridhika.

Mama Miwani alivua miwani kabisa, akaanza kuifuta.

Na Mama? Kwa dakika moja Mama alimtazama kijana yule kwa namna ambayo Kitinda hakuwahi kuiona, kama mtu aliyefungua sanduku la vikorokoro akakuta kitu kizima ndani. "Kumbe una adabu," alisema, na alimaanisha. Neno moja tu lilitosha, Mama aseme, baba, hicho chekundu hatukili, ondoa. Mama alikuwa na neno hilo mdomoni, ungeweza kuliona linavyozunguka. Kisha akamtazama Mama Miwani, akaona anasubiri onyesho. Na msanii ni msanii.

"Basi na wewe onja, baba. Usituonee haya. Hiyo ya mbele yako ndiyo tunawawekea watu maalumu."

Fundi akachukua kipande. Akakitia mdomoni chote, kwa kuwa kukikata nusu aliona ni dharau.

Chumba kikawa na kimya kile cha watu wanaosikiliza taya la mtu mwingine. Alitafuna. Manjano ikaisha, nta ikabaki. Ilikuwa inakwenda huku na huku mdomoni kama mtu aliyekosa kiti. Alijaribu jino la kushoto, akajaribu la kulia. Jasho dogo lilimtoka juu ya mdomo. Mama Miwani alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Dada aliitazama trei yake. Na Kitinda aliwatazama wote; akaona mabega ya Mama Miwani, akaona kona ya mdomo wa Mama ikianza kupanda, akaona chumba chote kimeegemea upande wake, kinasubiri. Kwa sababu ndiyo zamu yake. Mama amepanga, nani wa kubatiza?

Angeweza kunyamaza. Hilo ndilo la kusikitisha: kazi yenyewe ilikuwa kunyamaza tu. Lakini utani ulikuwa umeshafika. Ulikuja wenyewe, mzuri, umeiva, na mtu mwenye kipaji hajui kumeza kama Fundi alivyokuwa anajaribu kumeza.

"Fundi," alisema Kitinda, "raba ulishatukabidhi mlangoni. Huna haja ya kuipima kwa meno."

Loo.

Mama Miwani alipiga ukelele. Mama alicheka kwa kurudisha kichwa nyuma, mkono kifuani, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu siku ya utambi. Hata Dada, trei ikalia glasi kwa glasi. Na Kitinda, Mungu amsamehe, alicheka pia, kwanza kwa sababu wote wanacheka, halafu kwa sababu ulikuwa utani mzuri kweli.

Fundi aliwatazama mmoja mmoja, shavu limevimba. Ndipo Baba alipoinuka kutoka pembeni, akavuka zulia, akamnyooshea sahani yake ndogo.

"Itemee hapa, mwanangu," alisema. "Hailiwi hiyo."

Kwenye sahani ya Baba kulikuwa na ncha za soseji.

Fundi akatema. Donge jekundu lenye alama za meno. Akalitazama, akamtazama Baba, na uso wake ukafunguka. "Kumbe ni nta! Nami natafuna tu kama mbuzi!" Akacheka pamoja nao, kwa moyo mweupe, akiamini kwamba anachekwa ujinga wake, jambo ambalo halina ubaya. Akajipiga paja. "Mtanisamehe, kwetu jibini ni moja tu, ile ya kopo."

Walimsamehe. Walimsamehe sana. Mama Miwani alimsamehe mpaka akajifuta machozi.

Baada ya hapo aliomba bisibisi. Alisema si vizuri raba ilale kwenye gazeti wakati mlango unavuja. Akavua koti la kuazima, akapiga magoti mbele ya friji, akang'oa raba ya zamani, akafuta uchafu wa pembeni kwa kitambaa chake mwenyewe, akaipachika mpya akiibonyeza kwa kidole gumba inchi kwa inchi. Kutoka sebuleni zilikuja sauti za wanawake wawili: "Bwana Raba!" "Nyamaza, atasikia!" "Akisikia atavutika!" Kitinda alisimama nyuma yake ameshika kifuniko cha kikombe bila kujua cha nini.

"Sikia," alisema Fundi, akaufungua mlango, akauachia. Ukajifunga wenyewe, kwa pumzi laini, fup. "Sasa hakitoki kitu."

"Asante," alisema Kitinda. Ilikuwepo nafasi hapo, pana kama mlango wa gereji. Akaiangalia. "Utakuja lini tena?"

"Ukiniita." Na alimshika mkono, na mkono wake ulinuka raba.

Pikipiki ilipotokomea, Kitinda alirudi jikoni akijipa moyo. Hakuelewa. Alicheka mwenyewe, si alicheka? Mtu hawezi kuumizwa na kitu alichokicheka. Dada alikuwa anaosha ubao.

"Hakuelewa," alisema Kitinda.

"Wa kwangu naye alichelewa," alisema Dada. Akaukausha ubao, upande mmoja, upande wa pili, akauegemeza ukutani. Kisha akamvutia mdogo wake stuli kwa mguu. "Kaa. Karibu nyumbani."

Mama akaingia, bado ana kicheko kwenye mashavu. Kitinda alijiandaa kugombezwa kwa ule mpini. Lakini Mama alifungua droo, akatoa kisu kidogo chenye ncha mbili, kisu cha jibini, kile ambacho hakuna aliyewahi kukigusa bila ruhusa.

"Uliugeuza ubao," alisema. "Niliona. Nilikasirika, nikasema, huyu mtoto amenisaliti kwa ajili ya mwanaume." Akamwekea kisu kiganjani, akavifunga vidole vya binti yake juu ya kisu kwa vidole vyake vilivyokakamaa. "Halafu ukasema lile neno. Nikajua, ah, huyu ni wangu. Ubao ni wako kuanzia leo. Mpini utauelekeza unapotaka."

Kitinda alikuwa ameutamani ubao ule tangu alipoweza kufikia meza. Alisema, "Asante, Mama."

Kesho yake asubuhi simu ililia wakati anamimina maziwa. Aliona jina, na moyo wake, kwa mazoea tu, uliruka kama kawaida.

"Kitinda," alisema Fundi. Nyuma yake kulikuwa kimya, hakuna karakana, hakuna pikipiki. "Ule utani wako wa jana."

"Ee."

"Usiku nilikuwa natafuta hitilafu iko wapi. Nikasema, mbona vipande vyote vingine vilikuwa vimemenywa?" Alinyamaza kidogo, kama anavyonyamaza akisikiliza mlango. "Na aliyekata ni wewe. Mlipokuwa mnanikaribisha mezani, Mama alikusifu, akasema umepanga wewe."

"Fundi, ngoja. Mimi niliugeuza. Niliugeuza kwa ajili yako, wewe ndiye uliye..."

"Nimeuelewa," alisema.

Kitinda alingoja kile kicheko kirefu. Alingoja mpaka akatambua kwamba simu imeshakatwa.

"Nani huyo asubuhi asubuhi?" aliuliza Mama kutoka sebuleni.

Kitinda alirudisha maziwa kwenye friji. Mlango ukajifunga wenyewe, fup.

"Bwana Raba," alijibu, kwa sauti yake ile ile ya siku zote, yenye chumvi yake yote. "Anauliza kama tulibakiza."

Mama alicheka mpaka akaomba maji. Dada ndiye aliyempelekea.